Seva moja ya Kasumbalesa na imeji yake: nimeitumia vSphere Lifecycle Manager, haya ndiyo niliyoyaona

Mwezi wa tatu 2025 nilipita peaji ya barabara ya Kasumbalesa mara nne ndani ya juma moja: kwenda, kurudi, kwenda tena, kurudi tena. Sikuwa na lori wala mzigo. Nilikuwa na fleshi mfukoni, na ndani yake faili moja ya zip.

Tarehe 4 ya mwezi ule ilitoka ilani ya usalama VMSA-2025-0004. Ilitaja matundu matatu kwenye ESXi, programu ya VMware inayoiwezesha seva moja kubeba mashine pepe (kompyuta za kuigizwa) nyingi, na kwenye ndugu zake, na ikasema wazi kwamba kuna watu walikwisha kuyatumia. Baya kuliko yote lilimwezesha mtu mwenye mamlaka ndani ya mashine pepe moja kutoboa ukuta na kuifikia seva yenyewe inayozibeba zote. Sisi ni ofisi ya kutoa mizigo forodhani. Makao yako hapa Lubumbashi, Kampemba, na tuna chumba kingine Kasumbalesa, karibu kilomita 90, pale mpakani na Zambia. Kila upande una seva moja. Ile ya mpakani inabeba mashine pepe tatu: faili za madeklaresho, hesabu, na moja ndogo ya kuchapisha. Karatasi za wateja zote zimo humo. Sikulala, nikaenda.

Siku ya kwanza nilikuta umeme umekatika tangu alfajiri na jenereta haina mazuti. Nikakaa na papa sentineli barazani tukihesabu malori ya shaba hadi saa kumi, nikarudi mikono mitupu. Siku ya pili kazi ikaisha kwa dakika 40. Kilomita 360 kwa dakika 40.

Najua mtakachosema: mbona hukupitia SSH, yaani kuingia kwenye seva kwa amri kutoka mbali, ukiwa ofisini? Nilijaribu mara tatu. Faili ya kiraka ina zaidi ya megabaiti 600, na laini tuliyokuwa nayo wakati ule ilikuwa inakatika kabla ya nusu. Halafu kuna woga. Seva isiporudi baada ya kuwashwa upya, na wewe uko kilomita 90, unabaki kuangalia skrini kama mtu anayesubiri basi lililokwisha pita.

Patroni aliniuliza swali moja tu: "Hiyo kazi haifanyikake hapa hapa?" Nikasema nitaangalia. Hakiki hii ndiyo jibu langu kwake, kwa urefu.

Kwanza, kitu chenyewe ni nini. vSphere Lifecycle Manager ni sehemu ya vCenter, programu ya kusimamia seva za ESXi kutoka mahali pamoja, na kazi yake ni kuzisasisha. Zamani ukitaka kusasisha ESXi kupitia vCenter ulitumia besilaini, yaani orodha za viraka. Unaibandika orodha kwenye seva, vCenter inakuambia viraka gani havijaingia, unaviingiza. Njia mpya inaitwa imeji, na mtu wa forodha ataielewa haraka kuliko fundi. Imeji ni manifesti. Unaandika karatasi moja: toleo la ESXi ni hili, nyongeza ya mtengenezaji wa seva ni hii, draiva za ziada ni hizi. Kilicho kwenye karatasi ndicho kitakachokuwa kwenye lori. Kilichopungua kinapakiwa. Na gunia lisiloandikwa linashushwa. Hiyo sentensi ya mwisho ishikeni, mimi niliisoma na sikuishika.

Imeji zilikuja na vSphere 7.0 (jina la ESXi na vCenter kwa pamoja) mwaka 2020, lakini zilikuwa za klasta tu, yaani kundi la seva zinazosimamiwa pamoja. Mwenye seva moja peke yake alibaki na besilaini, au alifanya ujanja wa kuunda klasta yenye seva moja ndani yake, kama mtu anayesajili timu ya mpira ya mchezaji mmoja. Toleo 8.0 la mwaka 2022 likafungua mlango kwa seva zinazojitegemea, ila kwa kupitia API peke yake, yaani kwa kuandika amri za programu. Ni 8.0 Update 1, mwaka 2023, iliyoleta vitufe vya kubofya kwenye skrini ya kawaida. Besilaini nazo zilikuwa zimekwisha kutangazwa kuwa njiani kuondoka tangu 8.0, na kwenye 9.0 ya mwaka 2025 zimeondolewa. Kwa hiyo kama bado una seva ya peke yake inayosasishwa kwa besilaini, hilo si suala la kupenda au kutopenda. Utahama tu.

vCenter yetu iko hapa Lubumbashi, ndani ya seva ya makao. Mwezi wa sita tulibadilisha laini ya Kasumbalesa, tukapata moja isiyokatika kila robo saa, na nusu ya sifa nitakazotoa hapa ni za hiyo laini, tusidanganyane. Nilianza kwa kusasisha vCenter yenyewe, maana ni lazima iwe mbele ya seva inazozisimamia au sawa nazo. Kisha depo, ghala la faili za masasisho. Mwaka 2025 anwani za kupakulia zilibadilishwa, sasa kila mteja mwenye leseni ana tokeni yake inayoingizwa ndani ya anwani. Ukikuta vCenter yako haioni matoleo mapya, angalia hapo kabla ya kulaumu firewall. Mimi sikuiachia vCenter ipakue. Nilichukua zip mwenyewe, nikaipandisha kwenye depo kwa mkono, kwa sababu intaneti ya makao ni ya kulipia kwa ujazo na patroni anaisoma ankara mstari kwa mstari.

Kuiwasha ni rahisi mno kwa kitu kisichorudi nyuma. Unachagua seva, unaenda kwenye kichupo cha masasisho, upande wa imeji, unasema unataka kuisimamia kwa imeji moja. Unachagua toleo. Seva yetu ni Dell PowerEdge, kwa hiyo nikaongeza nyongeza ya Dell, ile inayobeba draiva na zana zao. Sehemu ya faimwea (programu ya ndani ya vifaa) niliiacha wazi: inahitaji programu nyingine ya mtengenezaji iunganishwe na vCenter, na sina RAM ya kuilisha. Faimwea naendelea kuifanya kupitia iDRAC, kifaa cha Dell cha kuisimamia seva. Unahakiki, unahifadhi, inapima seva ikilinganisha na karatasi yako, halafu inakuuliza mara ya mwisho kama una hakika, kwa sababu ukikubali hutarudi kwenye besilaini. Nikakubali. Dakika 10 hivi, na nyingi kati ya hizo nilikuwa nasoma.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni kule kutanguliza mzigo. Toleo 8.0 linakuruhusu kupeleka faili zote kwenye seva mapema, mashine pepe zikiwa zinafanya kazi kama kawaida, bila kuingia kwenye modi ya matengenezo, ile ambayo seva haibebi mashine pepe yoyote inayofanya kazi. Kwa mtu wa mjini Ulaya labda ni jambo dogo. Kwa mtu ambaye umeme wake unakatika saa isiyotangazwa, hii ndiyo bidhaa yenyewe. Sehemu ndefu, ile ya kupitisha mamia ya megabaiti kwenye laini ya mpakani, unaifanya usiku bila presha, na ikikatika hakuna kilichoharibika. Kinachobaki ni sehemu fupi: kuzima mashine pepe, kuandika, kuwasha upya.

Jaribio la kwanza halikufika hata hapo. Kila nikitanguliza mzigo, kazi inakufa bila hata asilimia moja. Kosa lilikuwa langu. Nilipoandika sheria za VPN, njia iliyofungwa inayounganisha ofisi zetu mbili, mwaka juzi niliruhusu milango michache niliyoijua, na mlango 9084, ambao seva huutumia kuchukua faili kutoka vCenter, haukuwemo. Nikaufungua, mzigo ukaanza kutembea. Nilianza saa mbili usiku, saa nne na nusu ulikuwa umefika wote.

La pili lilinigharimu Jumamosi nzima. Kwenye klasta, seva ikiingia matengenezo, mashine zake pepe zinahamia kwa jirani. Seva ya peke yake haina jirani. Na mpangilio wa awali wa vCenter ni kwamba hali ya mashine pepe isiguswe. Basi nikabofya, vCenter ikaiomba seva iingie matengenezo, seva ikasema ina mashine tatu zinazofanya kazi, vCenter ikangoja, ikajaribu tena, ikangoja, mwisho ikakata tamaa kwa ujumbe mwekundu. Mimi nikaanza kutafuta ugonjwa kwenye diski. Kumbe kuna mpangilio wa kusema mashine zizimwe au zisimamishwe. Siku hizi naweka kwenye kuzima, lakini kabla ya kubofya nazizima mwenyewe moja moja kutoka ndani, kwa adabu, hesabu kwanza. Hifadhidata ya hesabu haipendi kuamshwa kwa kofi.

Baada ya hapo ikaenda. Nilikaa Kampemba na kikombe cha chai, nikaona seva ya Kasumbalesa ikiingia matengenezo, ikiandika, ikizima. Zile dakika ambazo haijibu ni ndefu. Najua kwamba ESXi inabaki na nakala ya toleo lililopita kwenye sehemu ya pili ya kuwashia, na kwamba ukibonyeza Shift na R wakati inawaka unaweza kurudi nyuma. Lakini nani angebonyeza? Nilikuwa nimemwandikia papa sentineli hizo herufi kwenye kipande cha katoni na kumwonyesha kibodi iko wapi. Hakuihitaji. Baada ya dakika 13 ping ikarudi, baada ya nyingine kama tatu vCenter ikaandika kwa kijani kwamba seva inalingana na imeji.

Nikampigia patroni simu nikamwambia kazi imefanyika na sijaondoka kwenye kiti. Nilijisifu kidogo. Nilijisifu mapema.

Siku tisa baadaye umeme ulikatika Kasumbalesa saa saba usiku. Hilo ni la kawaida, tuna UPS, betri ya akiba, na UPS ikifika mwisho kuna programu ndogo ndani ya ESXi inayozizima mashine kwa utaratibu na kuizima seva. Usiku ule UPS ilifika mwisho na seva ikafa kama taa iliyopulizwa. Asubuhi hesabu haikuwaka. Nilitumia siku mbili kuitengeneza hifadhidata na kurudisha nakala ya usiku uliotangulia, na mama wa hesabu akaingiza upya kwa mkono madeklaresho ya siku nzima. Hakunitukana, lakini alikuwa akiniita "ingenia" kwa sauti ambayo si ya heshima.

Ile programu ndogo haikuwepo tena. Ilikuwa paketi ya watu wa kujitolea, inayozungumza na Network UPS Tools, niliyoiweka kwa esxcli, zana ya amri ya ESXi, miaka miwili kabla na kuisahau. Haikuwa kwenye imeji. Gunia lisiloandikwa. vCenter haikunificha: nilirudi kwenye kumbukumbu na onyo lilikuwa pale, kwa manjano, likitaja paketi kwa jina na kusema kwamba iko kwenye seva lakini haiko kwenye imeji, na kwamba itaondolewa. Nililipita kama afisa anayegonga mihuri saa kumi na moja jioni.

Nikajaribu kuiongeza kwenye imeji. Haikukubalika, maana haikufungwa kwa umbo ambalo imeji inalitaka. Ningeweza kuirudisha kwa mkono kila baada ya sasisho, na kila mara seva ingesomeka kuwa hailingani. Nilichofanya ni kuitoa kazi hiyo nje ya seva kabisa. Sasa kuna kompyuta moja ndogo ya Raspberry Pi, imefungwa kwa utepe pembeni ya UPS, kebo ya USB inaingia kwenye UPS, na betri ikishuka inaingia kwenye seva kwa SSH na kuzima kila kitu kwa mpangilio. Imenichukua Jumamosi mbili. Nimeijaribu mara nne kwa kung'oa waya ukutani, na mara moja SNEL, watu wa umeme, wamenijaribia wenyewe. Inafanya kazi.

Kwa hiyo kabla ya kubofya kile kitufe cha mwisho, ingia kwenye seva, toa orodha ya paketi zote kwa esxcli software vib list, uisome. Yote. Tafuta kitu chochote kisichotoka kwa VMware au kwa mtengenezaji wa seva: draiva za kadi za mtandao za USB, zana za UPS, wakala wa nakala za akiba. Kila ulichokiweka usiku mmoja ukiwa na haraka kimo humo.

Sasa upande wa pili wa hakiki, ambao matangazo huwa yanaupita mbio. Seva yetu ya Lubumbashi nayo ni ya peke yake. Ningependa nayo iwe na imeji, na nisingehitaji hata VPN. Lakini vCenter inaishi ndani yake. Ili isasishwe ni lazima iingie matengenezo, ili iingie matengenezo ni lazima isiwe na mashine pepe inayofanya kazi, na vCenter ni mashine pepe. Ukiizima, hakuna wa kutoa amri. Kinyozi hajinyoi. Hii si hitilafu, ndivyo kazi ilivyopangwa, na kwa mtu mwenye seva moja tu maisha yake yote jibu ni fupi: huduma hii haitakusaidia chochote. Utakuwa umetoa GB 14 za RAM, maana ndicho kiasi ambacho vCenter 8 ndogo kuliko zote inakitaka, kwa ajili ya kitufe usichoweza kukibofya.

Ningeweza kuihamishia vCenter Kasumbalesa kwa muda kila mara ninapotaka kuishughulikia ya makao. Kwa laini ile? Ningeweza kununua kiseva kidogo cha tatu cha kubeba vCenter peke yake. Nilileta bei, patroni akaitazama, akaniuliza kama nimekula. Basi ya makao naifanya kwa njia ya wazee: Jumapili mchana baada ya misa, nazima mashine zote, vCenter ya mwisho, naingia kwa SSH, modi ya matengenezo, esxcli software profile update nikiielekeza kwenye zip iliyo kwenye hifadhi ya data, nawasha upya. Inachukua saa moja na hainiudhi. Nikiwa pale pale mkono wangu uko kwenye kitufe cha umeme.

Kuhusu pesa nitasema machache. Tangu Broadcom walipoinunua VMware mwezi wa kumi na moja 2023, leseni za kudumu hazipo tena, ni usajili, na kila prosesa inahesabiwa angalau kori 16 hata kama ina 8. Imeji zenyewe hazina bei ya pembeni, zimo ndani ya kile unacholipia. ESXi ya bure iliondolewa mwanzoni mwa 2024 na kurudi mwezi wa nne 2025 na toleo 8.0 Update 3e, lakini ya bure haiungwi na vCenter, kwa hiyo hii huduma yote usiihesabu. Mwenzangu mmoja wa Likasi alihamia Proxmox, programu nyingine ya mashine pepe, kwa sababu hiyo na anasasisha kwa amri ya apt, anacheka. Sisi usajili wetu unaendelea, na toleo 8 lina msaada wa kawaida hadi tarehe 11 mwezi wa kumi 2027, kwa hiyo sina haraka.

Mkinilazimisha kutoa alama: kwa seva ya Kasumbalesa nne juu ya tano, na ile moja nimeikata kwa sababu onyo linalofuta programu ya mtu lilistahili rangi nyekundu na swali la pili, si mstari wa manjano katikati ya mistari mingine. Kwa seva ya Lubumbashi sifuri. Bidhaa ni ile ile, aliyelipa ni yule yule.

Juma lililopita nimefanya duru ya tatu. Mzigo nilitanguliza Alhamisi usiku, Ijumaa mchana ofisi ya mpakani walipokwenda kula bukari nikazima tatu zile, nikabofya. Seva ilipokuwa haijibu simu ililia. Papa sentineli. Nikajua tayari umeme umekwenda.

"Yaya," akasema, "ile mashini inapiga kelele sana, ile feni. Nibonyeze zile herufi?"

"Hapana papa, usiguse. Iache ipige."

Tukakaa kwenye simu wote wawili tukiisikiliza feni hadi ikapoa.